Kuvunjika kwa Koleo si Mwisho wa Uhunzi: Masini za Kale za Mbao katika Ituri

Tukizungumza juu ya mila zetu, mara nyingi tunataja ngoma, mahari, matanga na majina ya ukoo. Mambo ya chuma tunayasahau. Tunafikiri ufundi wa chuma ulikwisha siku mhunzi wa mwisho alipozima moto wake, na kwamba masini ni kitu cha Wazungu, hakina mila ndani yake. Sisi tunaokaa Lumumba, hapa mjini Bunia, tunaona namna nyingine. Masini ya kupasua mbao ambayo ilitengenezwa Ulaya kabla wengi wetu hatujazaliwa, inafunguliwa, inasafishwa, inapewa piesi nyingine, na inanguruma tena. Huo ni uhunzi. Ni vizuri tuuandike kabla haujapotea.

CHUMA KABLA YA MASINI

Wazee wa upande wa Mahagi na Aru wanawajua Waokebo, ambao huitwa pia Wando. Hao ndio waliosifiwa kwa kuyeyusha na kufua chuma. Majirani zao, Waalur na wengine, walipata kwao majembe na mikuki. Upande wa pori, Wambuti walipata chuma cha mishale na visu kwa wakulima kama Walese na Wabira, wao wakitoa nyama na asali. Chuma kilitembea mbali, na kila kilipopita kilifunga urafiki, hata kama mara nyingine kilileta ugomvi.

Tukumbuke jambo moja juu ya chuma cha zamani: hakikutupwa. Jembe lililochakaa lilirudi motoni, likatoka kisu. Kisu kikichakaa, kikatoka kitu kidogo zaidi. Mhunzi alikuwa mtu wa kutengeneza, tena alikuwa mtu wa kurudishia vitu maisha. Ndiyo maana Waswahili wakasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiishika methali hiyo vizuri, utaelewa yote tunayotaka kusema hapa chini.

MSUMENO WA WATU WAWILI

Bunia yenyewe iko katika nchi ya nyasi. Lakini ukishika njia ya Komanda, nyasi zinapungua, miti inakaribia barabara, na ukiendelea kwenda Mambasa na Epulu uko ndani ya pori kubwa. Mbao za nyumba, za milango, za vitanda na za majeneza zinatoka huko.

Kabla ya masini, mti uliangushwa kwa shoka na kupasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, uliokuja na wakati wa Wabelgiji na wa misioni. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la miti. Mtu mmoja alisimama juu, mwingine chini. Wa juu aliongoza mstari. Wa chini alivuta, huku unga wa mbao ukimwangukia machoni. Mstari wenyewe ulipigwa kwa kamba iliyopakwa weusi: unaivuta, unaiachilia, inaacha alama nyoofu juu ya mti. Kazi hiyo ilitaka mapatano. Watu wawili wasiosikilizana hawakupata ubao sawasawa.

Msumeno huo uliingia hata katika maandishi ya Serikali. Baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2002, amri ya waziri ya mwaka 2006 juu ya ukataji wa miti ilipomtaja mkataji mdogo Mkongomani, ilisema ni yule anayetumia msumeno mrefu au masini ya kubebwa mkononi. Kumbe amri hiyo iliviweka vyombo hivi viwili pamoja, mzee na kijana wake.

MASINI INAZALIWA

Masini hii ilianza Ujerumani na nchi nyingine za baridi. Mwaka 1926, Andreas Stihl wa mji wa Stuttgart alitengeneza masini ya mnyororo inayotumia umeme. Mwaka 1929 akatoa ya esansi. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, na zilibebwa na watu wawili, kama ule msumeno mrefu. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilitoa masini ya esansi ya mtu mmoja, na mwaka 1959 ikatoa ile iliyoitwa Contra, nyepesi zaidi na yenye nguvu. Kutoka kwa Contra ikazaliwa 070, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hiyo 070 ndiyo iliyopata jina katika pori za Afrika. Motere yake ina nafasi ya sentimita za ujazo 106, na bila bamba wala mnyororo ina zaidi ya kilo 10. Ulaya waliiacha zamani, wakapenda masini nyepesi. Huku kwetu ilibaki, kwa sababu inapasua gogo la libuyu au la mvule kwa urefu wake bila kuchoka haraka, na kwa sababu fundi anaweza kuifungua kwa funguo chache, chini ya mti. Siku hizi kuna za kuiga zinazotoka China, zenye sura ileile na bei ndogo. Ndiyo maana ile ya asili imekuwa kitu cha kutafutwa, na mwenye nayo haiachi hivi hivi.

Juu ya mnyororo kuna hadithi ambayo watu wa pori wataipenda. Zamani meno yake yalikuwa kama ya msumeno wa kawaida, na yalipoteza makali upesi. Mwaka 1946, Joseph Cox, mkataji miti wa Oregon huko Marekani, alimtazama funza akila kisiki. Aliona funza hachimbi moja kwa moja; anatafuna kushoto na kulia. Cox akaiga taya zile kwa chuma, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, moja linaelekea kushoto, lingine kulia. Mpaka leo minyororo ya dunia nzima inafuata mfano huo. Sisi funza wa miti tunawajua, na wengine wetu tunawala. Lakini ni yule aliyekaa akamtazama ndiye aliyepata elimu.

NAMNA YA KUIFUFUA

Masini ya zamani ikiletwa kwa fundi, hana haraka ya kuiwasha. Kwanza anaishika kamba ya kuvutia na kuiachia masini ining'inie. Ikishuka polepole, kwa kusitasita, ndani kungali na nguvu. Ikianguka kama ndoo ndani ya kisima, pumzi imekwisha. Halafu anatoa sanduku la moshi na kuchungulia kwenye tundu. Akiona pistoni inang'aa, anafurahi. Akiona mikwaruzo ya kwenda juu na chini, anajua iliwahi kukauka mafuta.

Hapo inafuata kazi ya kusafisha. Unga wa mbao na mafuta hujaa katikati ya mapezi ya silinda, na motere isiyopata upepo inaungua. Buji inatolewa na kusuguliwa. Katika masini za zamani zaidi kuna vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche. Vinasafishwa kwa msasa laini na kupimwa nafasi yake. Karbirateri inafunguliwa, kwa sababu ile ngozi yake nyembamba ya mpira hukauka ikawa ngumu kama karatasi, na masini haipati esansi tena.

Ugonjwa unaodanganya wengi ni ule wa mipira inayoziba pande mbili za mhimili. Ikizeeka, upepo unaingia kwa siri. Esansi inakuwa kidogo na hewa nyingi, masini inapiga kelele ya juu sana, na asiyejua anafurahi akisema, "Sasa iko na nguvu!" Fundi anayejua anaizima mara moja. Anasema, "Hiyo si nguvu, hiyo ni homa." Akiiacha hivyo, pistoni itashikana na silinda, na hapo gharama ni kubwa.

Esansi nayo ina kipimo. Kwa mafuta ya kawaida ya motere za namna hii, ni sehemu moja kwa 25, maana yake desilita 4 katika litre 10. Mwenye kupunguza mafuta ili apate faida anaua masini yake mwenyewe. Mwisho ni mnyororo. Tupa inasukumwa kutoka ndani kwenda nje, kila jino kwa idadi ileile, la sivyo masini itavuta upande. Mnyororo wa kupasua mbao kwa urefu unanolewa kwa pembe ndogo, kama digrii 10, wakati wa kukata gogo kwa upana unanolewa kwa digrii 30 hivi. Elimu hii yote haikuandikwa popote kwetu. Iko masikioni na mikononi, na kijana anaipata kwa kukaa karibu na mzee, akishika funguo na kunyamaza.

Lakini tusisifu tu. Masini hizi za kale ni kali. Nyingi hazina breki ya mnyororo, ambayo ilianza kuwekwa na watengenezaji miaka ya 1970. Hazina mipira ya kupunguza mtetemeko, na mtu akizifanyia kazi miaka mingi vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe, masikio nayo yanaziba. Fundi mwema anapoirudisha masini kwa mwenyewe, anamrudishia pia onyo.

PORI NALO LINA HESABU YAKE

Hatuwezi kuandika historia ya masini hii katika Ituri tukafunga mdomo juu ya vita. Tangu mwaka 1998, majeshi ya kigeni na vikundi vyenye silaha vilipotawala nchi hii, mbao zilitoka kupitia mipaka ya mashariki bila wananchi kuona faida yake. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwezi wa 4 mwaka 2001 ilitaja mbao za Ituri pamoja na dhahabu, almasi na kahawa. Vijana wetu ndio waliobeba masini. Bei ilipangwa na wengine.

Pori lenyewe si letu peke yetu. Hifadhi ya Okapi, upande wa Epulu, ilianzishwa mwaka 1992, ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaandikwa kati ya zile zilizo hatarini. Mti ambao watu wawili waliupasua kwa siku nyingi, masini inaumaliza upesi sana. Shoka lilikuwa linampa mtu nafasi ya kufikiri. Masini haingoji.

Kwa hiyo kuna watu watakaouliza: kwa nini kufufua kitu kilichokula pori? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba masini iliyotupwa haipunguzi ukataji hata kidogo. Kesho itanunuliwa nyingine ya bei ndogo. Lakini masini iliyotunzwa, na historia yake ikasemwa yote, ya faida na ya hasara, inafundisha. Anayejua piesi moja ilivyo ngumu kupatikana anajifunza kutopoteza. Na anayejifunza kutopoteza chuma anaweza kujifunza kutopoteza mti.

RAHA NA KAZI

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya masini hizi kwa raha tu. Wanatafuta rangi ya asili, kibandiko cha asili, hata bulonyo ya asili. Siku ya mapumziko wanaziwasha, wanasikiliza sauti, wanazizima, basi. Kwetu mtu akifanya hivyo majirani watamcheka: "Unatengeneza masini na huna hata muti wa kuangusha?" Maana huku masini inafufuliwa ili watoto waende masomo.

Hata hivyo, tukichunguza vizuri, raha iko. Mtazame fundi masini ya miaka mingi inapokohoa mara moja, mara mbili, halafu ikashika. Atacheka peke yake kabla hajafikiri juu ya malipo. Mhunzi wa zamani naye, tunaamini, alicheka hivyo alipoona chuma chake kimekubali. Raha na kazi havikutenganishwa kwa wazee wetu, na si lazima sisi tuvitenganishe.

Tunapendekeza mambo matatu, na hayahitaji pesa nyingi. La kwanza, kila karakana ya zamani iweke kando masini moja ya asili isiyotengenezeka tena, badala ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na pembeni yake uwekwe msumeno mrefu wa watu wawili kama bado unapatikana. La pili, vijana waliosoma waandike majina ambayo mafundi wanatumia kwa kila piesi, pamoja na dalili za magonjwa ya masini, kwa maneno yaleyale ya mafundi. La tatu, kijana anayefundishwa kunoa mnyororo afundishwe pia kuotesha mche, na asihesabiwe kuwa fundi kamili mpaka ameonyesha yote mawili.

Waokebo walitufundisha kwamba chuma hakifi kama kuna mtu anayekijua. Pori haliko hivyo. Likikwisha, hakuna fundi atakayelifungua, alisafishe na kuliwasha tena. Mafundi wetu wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi wasomi, kwa kuwa mikono yao imegusa vyote viwili. Tuwasikilize wangali hai.