Kitani Kilichoipisha Chai Kericho

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet yamepata wenyewe wapya. Mwaka 2023 James Finlay ilikubali kuyauza yake kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Mwaka uliofuata Lipton, mrithi wa Brooke Bond kupitia Unilever, ikatangaza kwamba nayo inaiuzia Browns mashamba yake. Majirani wawili walioutawala mji wa Kericho kwa takriban miaka 100 wakaondoka karibu kwa pamoja. Wengi waliuliza nani ananunua, na jamii itapata nini. Ni maswali ya haki. Lakini kuna swali la zamani zaidi: kampuni hizo zenyewe ziliuziwa na nani? Jibu limo katika zao ambalo halionekani tena katika milima hii, yaani kitani.

Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mawingu yanayojikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria huimwagia mvua alasiri, mara nyingi mvua ya mawe. Wakipsigis walichunga ng'ombe na kulima wimbi hapa muda mrefu kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Kisha zikaja boma la serikali, maduka ya Wahindi na walowezi wachache.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na maelfu ya maafisa wa jeshi wasio na kazi, wengine wakiwa na majeraha ya kudumu. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wazungu mashamba nchini Kenya. Ndani ya mpango huo likazaliwa koloni dogo la maafisa walemavu, lililojulikana kwa kifupi kama Beadoc. Lilipewa ekari 25,000 za Kericho, zilizokatwa kutoka ardhi ya Wakipsigis. Mwanahistoria C. J. Duder, aliyelichunguza kwa kina na kuchapisha makala yake mwaka 1992, ndiye ninayemfuata hapa.

Maafisa hao hawakutaka kila mtu na shamba lake. Waliunda kampuni, wakatia akiba zao humo, wakakubaliana kulima pamoja ili mwenye mkono mmoja asaidiwe na mwenye miwili. Zao walilochagua lilikuwa na sababu nzuri kwenye karatasi. Wakati wa vita mabawa ya ndege yalifunikwa kwa kitambaa cha kitani, na Urusi, iliyokuwa muuzaji mkubwa wa nyuzi hizo, ilikuwa imezama katika mapinduzi. Bei ilipaa. Walowezi kote katika nyanda za juu za Kenya wakakimbilia kitani kama watu walioona dhahabu.

Kitani kinahitaji mikono mingi. Hung'olewa na mizizi yake, hulowekwa hadi ganda lilegee, hukaushwa, kisha hupondwa ili nyuzi zitoke. Jaribu kukausha kitu Kericho mwezi wa Mei! Zaidi ya hayo, stesheni ya karibu ilikuwa Lumbwa, Kipkelion ya leo, na barabara ya kwenda huko ilikuwa ya udongo na magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Halafu fedha ikawageuka. Mwaka 1920 serikali iliipandisha rupia kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili za Uingereza. Aliyekuwa akilipa mishahara kwa rupia na kuuza mazao kwa pauni aliona gharama zake zikipanda kwa nusu bila kuongeza kibarua hata mmoja. Wakati huohuo bei ya kitani huko Ulaya ikaporomoka. Kabla ya miaka mitano kutimia, Beadoc ilikuwa imefilisika.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Kusudi ambalo ardhi ilichukuliwa kwa ajili yake lilikuwa limekufa. Wakipsigis waliotolewa walikuwa bado hai, wengi wao wakiwa umbali wa kutembea kwa miguu. Lilikuwepo pengo la miaka michache ambapo ekari hizo zingeweza kurudi kwa wenyewe, na hazikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond iliingia Kericho, na sehemu kubwa ya ardhi ya Beadoc ikanunuliwa na James Finlay ya Glasgow. Waafrika waliobeba mizigo katika Vita Kuu hiyo hawakuwa na fungu lolote katika mpango wa 1919. Mwaka 1934 ukoo wa Talai wa Wakipsigis, watu wapatao 700, ukahamishiwa Gwassi, kando ya ziwa, kwa tuhuma za uchochezi. Walikaa huko hadi karibu na uhuru.

Mengine katika historia ya mji yanajulikana. Msikh Puran Singh, aliyefika Kenya mwaka 1916, alianzisha karakana ya Kericho Wagon Works, na gurudwara kubwa ya mjini ni kumbukumbu yake. Brooke Bond ilijenga Tea Hotel katika miaka ya 1950. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964, mkulima mdogo wa Litein na Mogogosiek naye akaanza kupeleka majani kiwandani.

Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka 2022 walipeleka kilio chao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuchuma chai, na mtu akafa. Browns iliahidi kwamba asilimia 15 ya kampuni ya Finlay itauziwa ushirika wa wenyeji.

Kuuziwa si kurudishiwa. Katiba ya 2010 ilizipunguza hati za miaka 999 za wasio raia hadi miaka 99, kwa hiyo ekari hizi zitajadiliwa tena. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina wajibu wa kukusanya sasa ramani ya Beadoc, mikataba ya mauzo na majina ya koo zilizotolewa, na kuviweka mahali ambapo mwanafunzi wa Kapkatet anaweza kuingia na kuvisoma bila kuomba ruhusa ya mtu.