Ua la Sebuleni Lililowahi Kuitwa la Sultani

Mdau, ukifika Lufingo kule Rungwe, angalia baraza za watu. Udongo ni wa volkano, mvua inanyesha mpaka watu wanachoka, na ua halinunuliwi. Unaomba tawi kwa jirani, unalichomeka kwenye kopo la rangi lililoisha, kazi imekwisha. Njoo mjini sasa. Mche uleule, ukiwekwa tu kwenye chungu cheupe, unatajiwa bei ambayo bibi wa Lufingo atadhani unamtania.

Na kinachochekesha ni kwamba mengi ya maua haya tunayoyaona ya kizungu ni ya kwetu.

Chukua lile ua la pinki, jekundu au jeupe linalopenda kivuli, shina lake limejaa maji, ukilibonyeza linavunjika. Porini linaota kuanzia Kenya mpaka Msumbiji. John Kirk, konsuli wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka bustani ya Kew, London, na mwaka 1882 mtaalamu Joseph Hooker akalitangaza kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo aliyekuwa kwenye kiti ni Seyyid Barghash. Heshima kubwa, ila haikudumu. Ikaja kuonekana ni ua lilelile ambalo Hooker huyohuyo alishalipa jina la mmisionari Horace Waller mwaka 1868. Kwenye majina ya mimea hakuna kujuana, aliyetangulia ndiye mwenye haki. Sultani akatolewa, na leo linaitwa Impatiens walleriana.

Miaka kumi baada ya Kew ikaja zamu ya Usambara. Mwaka 1892 baroni Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Wajerumani kule Tanga, alituma kwao ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina Saintpaulia. Miaka ya 1920 kitalu kimoja cha Los Angeles kikaanza kuzalisha aina mpya, na ua likaingia madirishani dunia nzima. Halafu mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia kundi la Streptocarpus, yaani hata baroni naye kapigwa chini!

Konsuli, mmisionari, baroni, wote wameandikwa. Wasambaa waliokuwa wakipishana na ua hilo kwenye miamba yao vizazi na vizazi, hakuna hata jina moja. Hilo linaniuma kuliko bei. Na huko msituni baadhi ya aina zake ziko hatarini kutoweka kwa sababu miti ya kivuli inakatwa, wakati madukani Ulaya zimejaa.

Haya, geto lako linang'aaje bila kuvunja kibubu? Hilo ua la sultani omba tawi tu, urefu wa kidole, toa majani ya chini, liweke kwenye glasi ya maji. Mizizi ikitoka, hamishia kwenye kopo lililotobolewa chini. Watu wengi wanasahau kutoboa, ua linaoza halafu wanasema mkono wao mbaya. La Usambara linaota kwa jani moja lililochomekwa kwenye udongo wenye unyevu, ila halitaki jua kali wala maji juu ya majani. Mwagilia pembeni.

Kama chumba chako kina giza na wewe ni wa kusafiri safiri, tafuta zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Nayo ni ya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo. Waholanzi ndio walioigeuza biashara kubwa miaka ya 1990. Inakaa wiki kadhaa bila maji, lakini weka mbali na watoto maana utomvu wake unawasha.

Kitu kimoja, mtu wangu: kama unatoka Tukuyu kwenda kutembea Kitulo, ile wanayoiita Bustani ya Mungu, usirudi na okidi kwenye begi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na viazi vya okidi zake vimeshachimbwa vya kutosha kupelekwa Zambia kupikwa chikanda. Tawi la Lufingo ni la bure, tena jirani atakuchagulia lenye afya.