Picha ya Asili na Picha ya Kuiga

Wasikilizaji, katika nyumba nyingi na madarasa mengi twaona picha nzuri zilizotundikwa ukutani, na pengine twaambiwa ya kuwa ni kazi ya fundi fulani mashuhuri wa Ulaya. Mara nyingi ni karatasi iliyopigwa chapa tu. Kuitambua si kazi ngumu: twaa kioo cha kukuzia, uitazame kwa karibu, nawe utaona vitone vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa safu safu, wala hutaona alama ya brashi. Karatasi ya namna hiyo haikukusudiwa kumdanganya mtu. Taabu huanza pale fundi hodari anapochora kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaandika jina la mwingine. Leo twataka kueleza habari ya fundi mmoja wa Uholanzi aliyewashinda wenye elimu kwa miaka minane.

Hapo zamani, katika mji wa Delft, alikuwako mchoraji aliyeitwa Johannes Vermeer, aliyezaliwa mwaka 1632 akafa mwaka 1675. Picha zake zinazojulikana hazifiki 40, na kwa hiyo bei yake ni kubwa mno. Wataalamu walitumaini ya kuwa ziko nyingine zilizopotea, hasa za habari za Biblia. Han van Meegeren, mchoraji aliyezaliwa Deventer mwaka 1889, aliyajua matumaini hayo, akaazimia kuwapa kile walichokuwa wakikitafuta.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi yake ilikuwa ya werevu. Alinunua picha ya kale isiyo na thamani kubwa, akaikwangua rangi, akabaki na kitambaa cha zamani za Vermeer. Alijua ya kuwa rangi ya mafuta huchukua miaka mingi sana kukauka kabisa, na kwamba mpimaji akiipangusa kwa spiriti, rangi mpya hutoka. Basi akaichanganya rangi yake na dawa za kutengenezea bakelaiti, akaioka katika tanuri hata ikawa ngumu. Kisha akaikunja picha juu ya mti wa mviringo ili ipasuke nyufa, akatia wino katika nyufa hizo zifanane na vumbi la miaka mingi.

Mwaka 1937 picha hiyo, ya Bwana Yesu akila pamoja na wanafunzi wake Emau, ililetwa mbele ya Dakta Abraham Bredius, mzee wa miaka 82 aliyeheshimiwa kote Ulaya. Naye akatangaza katika gazeti la London ya kuwa ni kazi bora ya Vermeer. Jumba la makumbusho la Boijmans, mjini Rotterdam, likapata picha ile kwa gilda zaidi ya 500,000, na watu wakaja makundi makundi kuitazama.

Ikaja vita. Picha nyingine ya Van Meegeren, iliyosemekana kuwa ya Vermeer, iliishia mikononi mwa Göring, mkuu wa Wajerumani. Vita ilipokwisha, mwaka 1945, Waholanzi wakamkamata Van Meegeren kwa shtaka la kumwuzia adui hazina ya taifa. Shtaka hilo lilikuwa zito sana. Hapo akasema neno ambalo hakuna aliyetaka kulisadiki: "Nimeichora mimi." Ikawa hana budi kuchora nyingine chini ya ulinzi, mbele ya mashahidi, ili apone hatia ya uhaini kwa kuthibitisha hatia ya udanganyifu.

Hata hivyo ustadi wa mkono haukutosha kuwa ushahidi. Wataalamu wakaongozwa na Paul Coremans wa Ubelgiji, wakapima rangi wakaikuta ile dawa ya bakelaiti, ambayo haikuwako duniani siku za Vermeer. Wakaona wino katika nyufa. Na kwa mionzi ya eksirei wakaona mabaki ya picha ya kale chini ya ile mpya. Tarehe 12 Novemba 1947 Van Meegeren alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Akafa tarehe 30 Desemba mwaka ule ule, kabla ya kukitumikia.

Wako waliokataa kusadiki hata baada ya hayo. Tajiri mmoja aliyekuwa amenunua mojawapo ya picha hizo alimshtaki Coremans, na kesi ikaendelea hata mwaka 1955, Coremans akashinda. Na mwaka 1968, huko Marekani, wataalamu waliipima risasi iliyomo katika rangi nyeupe ya picha ya Emau, wakaona ya kuwa haikuyeyushwa zamani za Vermeer, bali katika miaka ya karibuni.

Basi, wasikilizaji, kwa nini wenye elimu walidanganyika? Si kwa ujinga. Leo mtu akizitazama nyuso zile aona zafanana na nyuso za sinema za miaka ya 1930. Lakini watu wa wakati ule hawakuliona, maana mazoea ni pazia. Tena walikuwa wameitamani picha ile kabla haijachorwa. Kwa hiyo anayetaka kujua asili ya picha na aigeuze kwanza, atazame kitambaa, mbao na misumari nyuma yake, apime rangi na nyufa, aulize imepitia mikono ya nani. Na ikiwa ni ile hasa aliyokuwa akiitamani siku zote, na aipime mara ya pili.