Dodoma msimu wa zabibu: pa kwenda, cha kula, cha kunywa, na faida anayoweza kupata mkulima

Ukipita barabara za kuingia Dodoma mwezi Machi au Agosti, utaona ndoo na mabeseni ya zabibu yamepangwa kando ya lami, na wauzaji wakikimbilia madirisha ya mabasi. Abiria wengi hununua kilo moja au mbili na kuendelea na safari. Si wote wanaojua kwamba kilomita chache kutoka pale kuna mashamba ya kutembelea, mlenda na ugali wa uwele, nyama ya kuchoma ya mnadani, na mvinyo uliotokana na zabibu zilezile.

Katika makala haya tunaeleza matembezi hayo yanavyokwenda. Tunawaandikia watu wawili: wewe unayetaka kwenda siku moja na familia au kikundi chako, na wewe mkulima ambaye ungependa mgeni huyo aingie hadi shambani badala ya kuishia barabarani.

Kwa nini zabibu zinastawi Dodoma?

Mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki miaka ya 1950, na misheni ya Bihawana ndiyo inayotajwa kuwa chimbuko. Walihitaji mvinyo wa altare. Baadaye wakulima wa vijiji vya jirani walichukua vipando, na zao likaenea.

Hali ya hewa ndiyo iliyosaidia. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua yenyewe ni kidogo, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Mkulima wa mahindi hulia na hali hiyo, lakini mzabibu hauchukii ukavu. Unachochukia ni unyevu wa muda mrefu, maana ndio unaoleta magonjwa ya ukungu.

Jambo la pili ni mavuno. Katika nchi za baridi kama Italia na Ufaransa, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, kisha huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa matawi na kumwagilia. Akishapogoa, huchukua kama miezi minne hadi kuvuna. Kwa sababu hiyo kuna misimu miwili: mmoja kuelekea Machi, mwingine Agosti na Septemba. Hiyo ndiyo miezi ya kwenda. Ukienda nje ya hapo utakuta matawi yamekatwa, na hakuna cha kuchuma.

Zabibu haisubiri

Embe au ndizi unaweza kuchuma ikiwa haijaiva ikaivia nyumbani. Zabibu haiko hivyo: ikishakatwa haiongezi utamu, na bila ubaridi huanza kunyauka na kuoza baada ya siku chache. Zabibu za mvinyo zina haraka zaidi, maana kiwandani zinatakiwa zifike zikiwa nzima, na mnunuzi hupima sukari yake kabla ya kuzikubali.

Shida ya mkulima inaanzia hapo. Wote wanavuna karibu wiki moja. Matangi ya viwanda yakijaa, anayebaki na zabibu shambani hana muda wa kubishana bei. Ndiyo maana mkulima mwenye njia mbili au tatu za kuuza hulala usingizi kuliko mwenye mnunuzi mmoja. Mgeni anayekuja kutembea ni mojawapo ya njia hizo. Hawezi kuchukua nafasi ya kiwanda, lakini fedha yake hulipwa papo hapo na hubaki kijijini.

Pa kwenda

Bihawana na Mpunguzi. Maeneo haya yako upande wa barabara ya Iringa, na unaweza kwenda na kurudi mjini siku hiyohiyo. Hapa utaona mashamba madogo ya familia pamoja na misheni ambako historia ya zao hili ilianzia.

Veyula na Makutupora. Haya yako kaskazini, barabara ya kuelekea Kondoa na Arusha. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kinachoshughulikia zabibu. Aina iitwayo Makutupora nyekundu imebeba jina la eneo hili. Pamoja nayo hulimwa aina za kigeni kama Chenin Blanc, inayotoa mvinyo mweupe, na Syrah, inayotoa mwekundu.

Hombolo. Iko kaskazini mashariki ya mji. Kuna mashamba, kiwanda cha mvinyo na bwawa. Ni mahali pazuri kwa wenye watoto, kwa kuwa baada ya shamba mnaweza kupumzika karibu na maji na kula samaki.

Chamwino. Wilaya hii ina shamba la pamoja la wakulima wa Chinangali II, linalomwagiliwa kwa matone. Chamwino pia ni nyumbani kwa muziki wa Wagogo: zeze, marimba ya mkononi iitwayo ilimba, na muheme, ngoma inayopigwa na wanawake. Hukwe Zawose aliyeupeleka muziki huu nje ya nchi alitoka katika jamii hii.

Kwa wanaotoka Dar es Salaam, treni ya umeme ya SGR imefika Dodoma tangu mwaka 2024, na safari ni ya saa chache tu. Mwenye siku mbili anaweza kuongeza michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Cha kula

Chakula cha asili cha Mgogo ni ugali wa uwele au mtama kwa mlenda. Mlenda huu si ule wa bamia peke yake. Majani ya porini huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa na kusagwa, kisha huhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Hupikwa haraka kwa maji na magadi kidogo, na wengine huweka nyanya na karanga zilizotwangwa. Ukiwa mgeni usiogope mvuto wake. Kata tonge dogo, lichovye, lizungushe kidogo ili mlenda ukatike, kisha upeleke mdomoni.

Nyama ya kuchoma ni sifa nyingine ya Dodoma, kwa kuwa Wagogo ni wafugaji. Mnada wa Msalato hufanyika siku ya Jumamosi. Mifugo huuzwa upande mmoja, na upande mwingine mbuzi na ng'ombe wanachomwa. Unachagua kipande, kinapimwa kwenye mzani, unakubaliana bei, ndipo kinakwenda kwenye moto. Kubaliana kabla, si baada ya kula.

Kwa asiyekunywa kilevi na kwa watoto kuna juisi ya zabibu, ya ubuyu na ya ukwaju. Mibuyu imejaa Dodoma, na unga wa ubuyu ni zawadi nzuri ya kubeba kwa sababu hauharibiki njiani kama zabibu.

Cha kunywa, na namna ya kukitambua

Mvinyo, au waini kama wengi wanavyouita, hutokana na juisi ya zabibu iliyoachwa ichachuke. Hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kilevi na hewa. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda, maana rangi imo kwenye ganda. Mweupe hukamuliwa kwanza na maganda kutolewa. Sukari ikiliwa yote, mvinyo unakuwa mkavu. Ikibaki au ikiongezwa, unakuwa mtamu.

Kabla ya kununua chupa, angalia mambo matatu: nembo ya ubora ya TBS, stempu ya kodi, na maneno ya lebo yanayoeleza umetengenezwa na nani na kwa nini. Jambo la tatu lina uzito kwa mkulima. Sheria ya ushuru Tanzania huutoza mvinyo uliotengenezwa zaidi ya asilimia 75 kwa zabibu za nchini ushuru mdogo kuliko mvinyo mwingine. Ukichagua chupa ya zabibu za ndani, umemnunulia mkulima pia.

Kuhusu kiasi, tusidanganyane: mvinyo si soda ya zabibu. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye kilevi asilimia 12 ina kilevi sawa na mililita 360 za bia ya asilimia 5. Kula kwanza, kunywa maji katikati. Dereva wa gari na wa bodaboda wasionje kabisa. Mjamzito na aliye chini ya miaka 18 wapewe juisi.

Ukiwa mgeni shambani

Piga simu siku moja au mbili kabla, mkubaliane saa, idadi ya watu na malipo. Nenda asubuhi, maana jua la mchana ni kali na uvunaji hufanyika mapema.

Usichume zabibu bila kuuliza. Sababu si uchoyo. Mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kula. Mwenye shamba ndiye anayejua mstari upi umepuliziwa lini. Hata ulizoruhusiwa, zioshe.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Wazee wasalimie kwanza, kisha uzungumzie shamba. Na ukionjeshwa, ukaelezwa na kutembezwa nusu siku, usiondoke bila kununua kitu.

Ukiwa mkulima unayetaka kupokea wageni

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 10. Kila mmoja akinunua kilo 3, umeuza kilo 30. Shamba la ekari moja huzaa zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo usivunje mkataba wako na kiwanda. Lakini watu hao 10 watakula sahani 10 za chakula, watapanda bodaboda, watanunua ubuyu na kuku. Faida iko kwenye mnyororo huo, na ndiyo maana kazi hii inafaa kufanywa na kikundi kuliko mtu mmoja.

Anzeni na vitu hivi:

– Choo kisafi, maji ya kunawa na kivuli. Bila hivyo mgeni harudi.

– Bei iliyoandikwa: kuingia shambani, kilo ya zabibu, sahani ya chakula. Bei ya kukisia huleta ugomvi.

– Mtu mmoja wa kupokea simu na fedha, mwenye daftari la kuandika kila kilichoingia.

– Mistari michache ya mizabibu isiyopuliziwa dawa karibu na mavuno, iliyotengwa kwa wageni kuchuma.

– Mpangilio wa kupogoa kwa zamu. Mkipogoa kwa kupishana wiki mbili mbili, zabibu zenu haziivi zote siku moja, na msimu wa wageni unarefuka.

Juisi, jamu na zabibu kavu huokoa zile zilizobaki. Ukitaka kutengeneza mvinyo wa kuuza, pata mafunzo kwanza. SIDO husaidia wajasiriamali wadogo kuanza safari ya kupata nembo ya TBS. Kuuza mvinyo kunahitaji pia leseni ya vileo kutoka halmashauri. Na usifunge chupa kwa nguvu wakati mvinyo bado unachachuka, kwa sababu hewa iliyomo inaweza kuipasua.

Kwa hiyo, msimu ujao ukiona ndoo za zabibu kando ya lami, muulize muuzaji swali moja: shamba lenu liko wapi? Huenda jibu lake likawa mwanzo wa siku nzuri kwenu nyote wawili.