Kudai Silaha kwa Vitisho katika Nchi ya Wabena

Nyanda za Njombe na Makambako, nchi ya Wabena, ziliingizwa katika utaratibu wa kimataifa wa kudhibiti silaha kabla wenyeji wake hawajausikia, kwa kuwa Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 uliwataka watawala wa Kizungu wazuie uingizaji wa bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika na kuzihifadhi katika maghala yaliyosimamiwa na serikali. Mkataba huo ulijinadi kuwa wa kukomesha biashara ya utumwa. Kwamba uliwapunguzia pia Waafrika uwezo wa kujihami, hilo halikutangazwa kwa sauti kubwa.

Wakati wa Vita vya Maji Maji, uasi dhidi ya utawala wa Wajerumani, baada ya wapiganaji wa mtawala Mbeyela kuishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, mnamo Septemba 1905, Wabena nao walikabiliwa na masharti ambayo Gavana von Götzen aliwawekea waasi wa koloni lote la Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani kusalimisha silaha, kuwatoa viongozi na kulipa faini ya rupia, sarafu ya koloni hilo. Nyuma ya masharti hayo, ambayo ni vigumu kuyaita diplomasia, palikuwa na askari waliochoma vijiji na kuharibu akiba za nafaka, hivyo kwamba aliyekawia kutoa bunduki yake alishurutishwa na njaa.