Chuma, Dhahabu na Kutu katika Historia ya Ituri

Marabo, kituo cha biashara kilichoko kusini-magharibi mwa Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, kando ya barabara iendayo Komanda, kiko katika nchi ya udongo mwekundu ambao rangi yake hutokana na chuma kilichoungana na oksijeni ya hewani. Kutu nayo ni muungano wa chuma, oksijeni na maji, hivyo metali inapoliwa na kutu hurudia hali iliyokuwa nayo ardhini.

Wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu, ambao ufundi wao umezidi umri wa miaka 2,000, walichoma mawe yenye chuma katika tanuri za udongo zilizochochewa kwa mivukuto, na gesi iliyotoka kwenye mkaa ikayanyang'anya mawe hayo oksijeni, ikabaki metali ya kufulia majembe, visu na mikuki. Kutu huipindua kazi hiyo polepole, bila moto, popote penye hewa na unyevu.

Dhahabu haiungani na oksijeni kwa urahisi, na ndiyo maana chembe zake hukutwa zikimeta katika mchanga wa mito. Ilipogunduliwa Kilo, kaskazini mwa Bunia, mwaka 1903, na kuanza kuchimbwa mwaka 1905, metali hiyo isiyoliwa ilitegemea metali inayoliwa: kampuni ya Kilo-Moto, iliyoundwa mwaka 1926, ilihitaji vinu vya kusagia mawe, mabomba na mitambo ya umeme, ukiwemo ule wa Budana kwenye mto Shari. Dhahabu ilisafirishwa ng'ambo bila kupungua ubora, huku chuma kilichoichimba kikibaki Ituri, kikinyeshewa na kulika. Hata ng'ambo ya pili ya Ziwa Albert, linalopakana na Ituri, huko Butiaba nchini Uganda, meli Robert Coryndon, iliyoanza safari zake ziwani mwaka 1930, ilikwama wakati wa mafuriko ya miaka ya 1960, ikaachwa ioze majini.

Kinga ya kutu ilikuwa imejulikana kabla ya migodi hiyo. Mwaka 1837 Stanislas Sorel, mhandisi wa Ufaransa, alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya kupaka chuma zinki, metali ambayo huliwa kwanza na hivyo kukiokoa chuma kilicho chini yake. Mabati ya nyumba katika Afrika Mashariki na Kongo yamedumu kwa njia hiyo, lakini zinki ikiisha, kutu huanza, na paa lisilopakwa rangi hutoboka.

Historia ya Ituri imeandikwa mno kwa hesabu ya dhahabu iliyotoka. Inastahili kuandikwa pia kwa hesabu ya madaraja, mabomba, mitambo na mapaa yaliyobaki, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyowahudumia wakazi, na uhai wake hutegemea rangi, grisi na fundi anayelipwa kuvikagua kabla havijavunjika.