Waziba Pancha wa Njia Panda ya Msata

Zamani, kabla tairi la upepo halijajulikana, bidhaa za bandari ya Bagamoyo, pembe, nguo na shanga, zilipanda na kushuka bara juu ya mabega ya wapagazi; wala si kwa kuwa gurudumu lilikuwa kitu kigeni, bali kwa sababu mbung'o wa nyika hakumwacha ng'ombe wa kukokota gari afike mbali. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti wa Church Missionary Society, alifyeka njia ya maili 230 hivi kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili magari ya ng'ombe yapite, na jamaa wa London Missionary Society wakajaribu safari kama hiyo mwaka uleule. Ng'ombe wakafa, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu. Magurudumu yale yalikuwa ya mbao na chuma, na kasoro zake zilikuwa kazi ya seremala na mhunzi. Mwiba, katika zama zile, haukuwa na wa kumdhuru ila mpagazi.

Pancha ilizaliwa pamoja na upepo. John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama mjini Belfast, alipotunga tairi lake mwaka 1887 kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, aliwapa walimwengu raha ya mwendo na, papo hapo, udhia usiokwisha. Nchi yetu iliingia katika biashara hiyo kwa upande wa shamba: Wajerumani walipanda mipira Tanga na Morogoro, hata mwaka 1913, utomvu wa Asia ulipojaa sokoni na bei ikaporomoka, mashamba mengi yakatelekezwa. Matairi yaliyotufikia baada ya hapo yalinunuliwa ng'ambo, mpaka kiwanda cha General Tyre kilipoanza kazi Arusha mwaka 1971. Na madhali kitu cha kununuliwa mbali hakitupwi ovyo, ufundi wa kukitengeneza ulistawi kando ya njia.

Alama ya ufundi huo ni tairi kuukuu lililosimikwa ukingoni mwa barabara. Msata, ambapo magari ya Tanga, Moshi na Arusha hukutana na yale ya Bagamoyo, pana bahati ya mahali, hasa tangu barabara ya kilomita 64 ipitayo Kiwangwa, nchi ya mananasi, ilipotiwa lami katika muongo wa 2010. Fundi wa mtindo wa kale huling'oa tairi katika rimu kwa vyuma viwili bapa, akautoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzungusha katika karai la maji hata viputo vimfichulie penye tundu. Hupakausha, hupakwangua kwa msasa, hupapaka gundi na kuingoja inate, kwani mwenye pupa hapa huifanya kazi mara mbili, ndipo abandike kiraka. Pancha ya moto ina tartibu zaidi: juu ya kiraka hubanwa pistoni kuukuu ya injini, uwazi wake ukatiwa mafuta kidogo na kuwashwa, na joto likaupika mpira hata kiraka kikashikamana nao kabisa. Ni kanuni ileile aliyoivumbua Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839, alipoona kwamba mpira uliochanganywa na salfa huimarika ukipata moto. Kabla ya kufunga, fundi hupitisha kiganja ndani ya tairi, polepole, kuutafuta msumari uliobaki. Na kiganja hicho hugundua pia nyuzi zilizokatika na ubavu ulioanza kuvimba.

Tairi lisilo na mpira wa ndani, ambalo kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ililitangaza mwaka 1947, lilienea kwetu pamoja na magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, likabadili tabia ya kazi. Sasa msumari hung'olewa gurudumu likiwa garini, tundu likasuguliwa kwa tupa ya mviringo, na uzi wa mpira uliopakwa gundi ukashindiliwa kwa sindano yenye mpini, kisha ncha zake zikakatwa kwa wembe. Abiria hajamaliza nanasi lake, safari imekwisha kuanza. Uzi huo haufai ubavuni, na fundi mwaminifu hukataa kuutia huko. Siulaumu, maana angalau tundu limeonekana na msumari umetoka.

Dawa ya maji ya kuzibia pancha ni habari nyingine. Hutiwa kwa njia ya valvu, ikatandaa ndani tairi linapozunguka, na penye tundu upepo unaotoroka huisukuma hata nyuzinyuzi zake zikasongamana na kuziba. Kwa mwendesha bodaboda aliyemo njia ya miiba wakati wa magharibi, mbali na fundi yeyote, fadhila yake haikanushiki. Lakini haiwezi mpasuko wa ubavuni wala tundu kubwa, aghalabu lipitalo milimita sita, na aibu yake, kwa maoni yangu, ni kusitiri kupita kiasi: msumari waweza kukaa siku nyingi ukitafuna nyuzi za tairi, ilhali dereva aendelea kujaza abiria. Dawa ikishindwa, tairi hupelekwa kwa yuleyule mwenye karai na msasa, akakuta ute umetapakaa ndani kote, wala kiraka hakishiki mpaka uoshwe na pakauke. Naye, kwa haki kabisa, akidai ujira wa kuosha juu ya ujira wa kuziba, sioni wa kumlaumu.